Picha Tatu za Spana

Jumatatu, 3 Machi

Mwalimu Mkuu kaniita ofisini kabla hata sijaweka mkoba chini. Nikadhani ni yale madaftari ambayo sijasahihisha. Kumbe! Anataka maonyesho. Maabara yetu ni mizani moja iliyokufa, sumaku mbili zisizovutana, na fuvu la plastiki ambalo hata si la somo langu. Kwa hiyo, anasema, tuonyeshe fizikia isiyohitaji maabara. Picha tupu. Jikoni, barabarani, kwa mafundi. Wasichana wa kidato cha pili waandike maelezo. Mkaguzi atakuja mwezi wa tano.

Akamalizia kwamba mimi nina simu nzuri. Simu yangu ina ufa kutoka kona hadi kona. Lakini kamera ni nzima.

Nimetoka na orodha: wenzo, msuguano, inesha, kanieneo, kupinda kwa mwanga, roda. Kwa mara ya kwanza tangu mwaka uanze nina hamu na kazi. Naandika hivi nisije nikakana baadaye.

Jumatano, 5 Machi

Picha ishirini na nane, zote jikoni kwa kaka. Tunaishi ua mmoja, mlango kwa mlango. Jiko ni lao, njaa ni yangu.

Kijiko ndani ya glasi ya maji — kimevunjika kabisa ukikitazama! Mfuniko wa sufuria unaorushwa na mvuke. Wifi akikata kitunguu kwa kisu butu, halafu kwa kisu kikali. Akasema angejua machozi yake yanakwenda kwenye maonyesho angepaka wanja.

Inesha ndiyo iliyotuponza. Nilitaka avute kitambaa cha meza ghafla, vikombe vibaki palepale. Wifi ni mshonaji. Nikadhani mtu wa vitambaa atakuwa na mkono mwepesi. Akavuta polepole, kwa huruma. Vikombe viwili chini! Kaka alicheka mpaka akakaa sakafuni. Akasema fizikia imekataa. Nikamweleza haijakataa, ndiyo kwanza imetii. "Basi ije ifagie," akasema.

Jumamosi, 8 Machi

Gereji. Gereji ya kaka ni bati, nguzo sita na kelele. Wanamwita Jeki. Jina alilipata zamani, siku alipoinua pembe ya gari kwa mgongo wake ili mguu wa mwenzake uchomolewe chini yake. Huyo mwenzake ndiye fundi rangi, yupo naye mpaka leo, na bado anachechemea. Kila mgeni lazima asimuliwe, na kila mwaka gari linazidi kuwa kubwa. Wakifika uzeeni litakuwa lori.

Nimempiga kaka picha akifungua nati za gurudumu. Mkono mmoja, spana fupi. Ovaroli ni ile aliyoshonewa na wifi, imembana mkononi mpaka mshono unalia. Picha nzuri. Nikamwuliza mbona anashika spana mwishoni kabisa, si katikati. Akanitazama kama anayemtazama mjinga. "Ukishika katikati utatoka jasho bure." Na huyu mtu aliacha shule darasa la saba.

Jumatano, 12 Machi

Furaha nyumbani! Wifi amepata nafasi chuoni. Ualimu wa ushonaji, mwaka mzima, bweni, mji mwingine. Ameomba mara tatu na mara tatu wakamwambia ajaribu tena. Safari hii barua imekuja. Ataondoka Jumatatu ya tarehe 12 Mei. Amesoma barua kwa sauti, akaikunja, akaikunjua, akaisoma tena. Kaka alimbeba akamzungusha — karibu amwangushe. Wakacheka wote wawili. Mimi nilikuwa naitafuta simu nipige picha, nikachelewa.

Alhamisi, 20 Machi

Nimerudi gereji. Ile picha ya spana wasichana wanasema haionyeshi urefu wa wenzo vizuri. Wana haki, nimewafundisha mwenyewe kulalamika kwa ushahidi.

Leo kaka alichomeka bomba la chuma kwenye mpini wa spana. Bomba refu kama mkono wa mtu! Akasukuma kwa mikono miwili, nati ikalegea. Nikaruka kwa furaha. Nikapiga picha kumi na moja. Mfano bora kuliko wote — wenzo umerefushwa, nguvu kidogo imefanya kazi kubwa. Nikawa namwelezea fundi rangi huku natupatupa mikono. Akanisikiliza hadi mwisho. Halafu akageuka akaendelea kupiga msasa mlango ambao ulishapigwa msasa.

Kaka alisema nati ilikuwa na kutu.

Jumapili, 23 Machi

Nimekaa na kompyuta tangu asubuhi, nachagua picha. Natamani ningekuwa nimelala.

Gari la tarehe nane na gari la tarehe ishirini ni moja. Gurudumu moja. Zile nati kaka alizifunga mwenyewe, kwa mkono wake, siku kumi na mbili kabla ya picha ya pili. Hakuna kutu. Nimekuza picha mpaka zikawa vidoti. Nati zinang'aa.

Halafu nikakuza mkono. Kile kinofu kati ya kidole gumba na kidole cha shahada, mkono wa kulia — hakipo. Kuna shimo. Kwenye picha ya tarehe nane kipo, ila si kama cha mkono wa kushoto. Nimelinganisha na mkono wangu. Nimelinganisha tena.

Nimepiga picha kumi na moja nikirukaruka kama mtoto!

Jumanne, 25 Machi

Nimemwuliza. Nilimkuta uani anafua soksi — kwa mkono wa kushoto. Nikasema, kaka, mkono una nini? Akasema umechoka, umefanya kazi miaka ishirini na tatu bila likizo. Nikamwambia asinifanyie mzaha. Akasema si mzaha, uulizwe mkono wenyewe. Nikamwomba anibane kidole kwa nguvu zake zote. Alibana. Nikasubiri aanze, kumbe ndiyo alikuwa amemaliza.

Maji yanachuruzika kwenye soksi.

Baadaye nikamfuata fundi rangi. Akasema tangu mwezi wa kumi na moja. Kwanza ufunguo ulimshinda, halafu vifungo. Sasa spana. Akasema Jeki amemkanya asifungue mdomo, na yeye mguu wake ni deni, afanyeje? Akasema pia misuli ya bega inachezacheza yenyewe chini ya ngozi, kama kuna kitu kinatembea humo ndani. Alipofika hapo akaondoka zake, hata kwaheri hakuniaga.

Ijumaa, 4 Aprili

Hospitali. Tulimdanganya wifi kwamba tunakwenda kutafuta vipuri. Kaka akabeba hadi kipuri kimoja kibovu mfukoni ili uongo uwe na uzito.

Wamemchoma sindano nyembamba kwenye misuli, waya hadi kwenye mashine, na mashine ikawa inakwaruza kama redio isiyoshika stesheni. Daktari ni mama mtu mzima, ana kucha fupi na sauti ya chini. Alisikiliza yale makwaruzo kwa muda mrefu. Mimi ninafundisha umeme. Nilikuwa naelewa mashine. Sikuelewa chochote kingine.

Akasema mishipa ya fahamu inayoamrisha misuli inakufa, mmoja baada ya mwingine. Msuli usioamrishwa unasinyaa. Ugonjwa umeanza mkono wa kulia, utakwenda kwingine. Kaka akauliza utaishia wapi. Daktari alitazama meza kwanza. Akasema: kwenye kumeza. Kwenye kupumua. Miaka miwili, mitatu, wengine zaidi, hakuna anayejua. Kipo kidonge cha kupunguza mwendo kidogo. Cha kurudisha hakuna.

Kaka akauliza, "Kwa hiyo gari linakimbia, injini nzima, ila nyaya zinakatika?"

Daktari akasema ndiyo. Ndivyo hasa.

"Na nyaya hazipatikani."

Hazipatikani.

Akashukuru! Akamshukuru kwa heshima zote, akakisahau kile kipuri mezani kwake. Njiani nilifungua mdomo mara tatu. Nimesoma miaka kumi na saba, nimefundisha tisa, na sikuwa na sentensi moja ya kumpa kaka yangu kutoka hospitali hadi nyumbani.

Jumapili, 6 Aprili

Ameniapisha. Wifi asijue mpaka afike chuoni, na akifika asijue mpaka amalize. Nikamwambia ana wazimu, mwaka mzima! Akasema: "Mdogo wangu, yule akijua haondoki. Asipoondoka, mimi nitakuwa nimemlia mwaka wake kabla ugonjwa haujanila mimi." Nikasema ni mke wake, ni haki yake. Akasema ndiyo, ni haki yake, ndiyo maana anaomba, haamrishi.

Nimeapa. Sijui kwa nini nimeapa. Labda kwa sababu hajawahi kuniomba kitu maishani. Mwisho nililia mimi, akanibembeleza yeye.

Alhamisi, 10 Aprili

Kidato cha pili. Sheria ya kwanza ya mwendo. Kitu kitaendelea na mwendo wake mpaka kani ya nje ikizuie. Msichana wa dawati la mbele akauliza, je, kama hakuna kani ya nje? Nikasema kitaendelea. Mpaka lini, mwalimu? Nikawaambia wafungue ukurasa wa arobaini wafanye zoezi.

Jumamosi, 19 Aprili

Sikutaka kwenda gereji. Kaka ndiye aliyeniita. Anasema kazi haijaisha, ile ya roda bado, na wasichana wanasubiri. Nikapiga ya roda: injini inaning'inia kwenye mnyororo, fundi rangi anavuta kwa mkono mmoja, anatabasamu kwa lazima.

Halafu kaka akachukua spana na lile bomba. Mikono haikutosha tena. Akaliegemeza bomba kifuani, akaliegemea kwa uzito wa mwili wote, kama mtu anayesukuma mlango unaozuiwa na upepo. Ovaroli inapepea mkononi. Nikashusha simu.

"Piga."

Nikasema sipigi.

"Piga. Nyie si mnataka kuonyesha uzito wa mtu unavyofanya kazi? Huu hapa uzito. Bado ninao."

Nikapiga. Moja tu. Nati ikafunguka. Fundi rangi akapiga makofi, halafu akaona aibu akaacha.

Jumatano, 23 Aprili

Kidonge cha asubuhi, kidonge cha jioni. Anavificha ndani ya kopo la grisi.

Ijumaa, 2 Mei

Wifi amekuja kwangu na sanduku. Ati nimsaidie kuamua — abebe cherehani ndogo au vitabu. Tumekaa kitandani tukakunja nguo. Ana furaha mpaka inaniumiza macho. Anapanga: likizo ya kwanza mwezi wa nane, atarudi, atamshonea kaka ovaroli mpya, hii imechoka.

Halafu akauliza hivihivi, anakunja blauzi: "Wifi, kaka yako ana nini siku hizi?"

Nikasema ana nini kivipi.

"Hanishiki mkono tukitembea. Ananishika bega. Na juzi kanyoa ndevu nusu, akasema wembe butu. Nimeujaribu, si butu."

Niliinama nikaokota soksi ambayo haikuwa imeanguka. Nikasema ni uzee. Nikasema ana mawazo ya mkewe kuondoka. Nikasema wanaume ndivyo walivyo! Uongo wa aina tatu kwa pumzi moja. Akacheka. Akasema afadhali, alikuwa ameanza kudhani ana mwanamke.

Nikamwambia hana. Hilo angalau ni kweli, na nililisema kwa nguvu mno mpaka akanitazama.

Jumatatu, 5 Mei

Kaka kaanguka uani. Mguu wa kulia haukunyanyuka kwenye kizingiti. Wifi alikuwa dukani kwa vifungo na zipu. Nilijaribu kumwinua. Simuwezi! Ninajua pa kuweka mguu, ninajua pa kushika, ningeweza kuichora ubaoni na mishale yake yote. Simuwezi. Tulikaa chini wote wawili mpaka fundi rangi akaja kumwinua Jeki. Sikumtazama usoni.

Kaka akasema wifi akiuliza mchubuko, ni shimo la gereji.

Jumanne, 6 Mei

Nilijaribu kuvunja kiapo. Nilikwenda hadi mlangoni kwao. Wifi alikuwa anapima dirisha lake kwa futi, anashona pazia jipya ili kaka asione upweke akiwa peke yake. Akaniambia niingie. Nikaomba chumvi.

Sasa nina vikombe viwili vya chumvi na hakuna nilichofanya.

Ijumaa, 9 Mei

Tumebandika picha hamsini na sita ukumbini. Wasichana wamefanya kazi ya ajabu. Wanaandika maelezo kwa kalamu nene, mwandiko wa duara, makosa machache. Picha tatu za spana walizipa ukuta wa katikati. Zimekuzwa kama madirisha. Na chini ya kila moja wameandika tarehe, kwa sababu nimewasumbua mwaka mzima kwamba kipimo kisicho na tarehe ni uvumi.

Nilisubiri waondoke. Nikapanda kiti nikazitoa zote tatu. Nikazikunja nikaziweka nyuma ya kabati la stoo. Pale katikati nikabandika kijiko kwenye glasi na kile kitunguu.

Wifi hatakuja. Ana nguo za wateja za kumaliza kabla ya Jumatatu, na kwao kuna wa kuaga. Ameniomba radhi mara mbili. Kaka atakuja saa nane mchana. Mwalimu Mkuu anataka Jeki aeleze roda mbele ya mkaguzi. Siku tatu tu zimebaki. Nijikaze.

Jumamosi, 10 Mei

Saa saba na nusu. Naandikia stoo, nimesimama, daftari liko juu ya boksi la chaki. Nimewaambia natafuta pini.

Asubuhi nimefika nikakuta zimerudi. Tatu zote, ukuta wa katikati. Wamezipiga pasi! Kiranja akanikimbilia: "Mwalimu, zilikuwa zimeanguka nyuma ya kabati, tumezirudisha!" Wamejipanga mstari wanasubiri sifa. Nikawapa sifa. Nikasema nitaziondoa hata hivyo, na hapo hapo Mwalimu Mkuu akaingia na mkaguzi. Mkaguzi akaenda moja kwa moja kwenye zile tatu. Akasoma maelezo kwa sauti, mkono mgongoni: kadiri wenzo unavyorefuka, ndivyo nguvu inayohitajika inavyopungua. Tarehe 8 Machi, mkono mmoja. Tarehe 20 Machi, mikono miwili na bomba. Tarehe 19 Aprili, mwili mzima. Akasema ameona maonyesho mengi, hajaona mpangilio ulio wazi hivi. Ameagiza zisiguswe, anataka zipigwe picha kwa ripoti.

Nikajiambia si kitu. Wifi haji.

Saa saba kamili akaingia. Gauni la kuagia, mkoba, jasho puani. Amenikumbatia. Nitaondokaje bila kuona kazi ya wifi yangu, anasema. Wateja watajiju! Nikamshika mkono nikamvuta kwenye kitunguu chake. Akacheka, akawaonyesha watu: huyu mimi, hayo machozi ni yangu. Nikamvuta kwenye mfuniko wa sufuria. Nikamweleza mvuke kwa dakika kumi. Hakuna mtu aliyewahi kuelezwa mvuke hivyo.

Lakini kuna mtu aliniita, mzazi sijui wa nani, nikageuka kidogo tu.

Nilipotazama tena alikuwa amesimama katikati. Ameshaacha kucheka. Ndipo nikakimbilia huku.

Mlango una upenyo. Namwona mgongo. Hajasogea. Mwanzoni alikuwa anasoma. Namjua, anasoma kwa kutikisa kichwa. Sasa hasomi. Anatazama mikono ya ovaroli. Ile ovaroli kaishona yeye, anajua ilikuwa inabana wapi, anajua kila sentimita. Anatembea kutoka ya kwanza hadi ya tatu. Anarudi ya kwanza. Wasichana wanadhani amependezwa, mmoja anamweleza egemeo ni lipi.

Kafungua mkoba. Katoa futi.

Anapima mkono wa ovaroli kwenye picha ya kwanza, gumba kwenye kiwiko, kama anavyompima mteja. Midomo inacheza, anahesabu. Picha ya pili. Watu wamempisha.

Nje nasikia sauti ya kaka getini. Amewahi. Anamtania mlinzi kuhusu kofia yake, mlinzi anacheka, na fundi rangi anasema taratibu, Jeki, kuna ngazi hapo.

Ya tatu imebandikwa juu, futi inamteleza, haifiki kwa mkono mmoja. Hageuki. Hapazi sauti. Anajua niko wapi.

"Wifi. Njoo unishikie ncha hii."